Zamu ya Gari la Pruitt

Mahala Pruitt alikuwa amezika watoto wawili kabla hajafikisha miaka thelathini, na wote wawili aliwaacha nyuma kwa sababu ya moshi.

Moshi wa jirani, nasema. Mume wake, Lemuel, alitoka kwenye ukoo wa watu wasiovumilia jirani. Babu yake alihama Carolina akaenda Kentucky kwa sababu mtu alijenga nyumba maili mbili kutoka kwake. Baba yake akahama Kentucky akaenda Indiana, eti Kentucky kumejaa. Lemuel mwenyewe alimwoa Mahala huko Indiana, wakafyeka msitu, wakapanda mahindi, wakazaa, wakazika. Wa kwanza kuzikwa aliitwa Asahel, aliishi wiki tatu tu. Basi asubuhi moja Lemuel akasimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akaona uzi wa moshi unapanda nyuma ya miti, akasema, "Tunabanwa." Mwaka uliofuata walikuwa Missouri. Huko wakamzika wa pili, Tryphena, wa miaka miwili, kwa surua. Huyo angalau alipata jiwe, na Mahala alilisugua kila Jumapili mpaka likang'aa. Kisha moshi ukaonekana tena.

"Magharibi," Lemuel akasema. Siku zote magharibi. Hakuna hata mmoja wa ukoo ule aliyewahi kuhamia upande jua linakotokea.

"Na Tryphena?" Mahala akauliza.

"Tryphena yuko mikononi mwa Mungu, mke wangu. Na Mungu yuko Oregon pia."

"Mungu yuko Oregon, ila jiwe liko hapa, Bwana Pruitt."

Alimwita hivyo, Bwana Pruitt, kama wanawake wa kwao walivyowaita waume zao, hata wakiwa wawili tu chumbani. Bwana Pruitt akacheka, akaenda kutafuta maksai.

Siku ya kuondoka Mahala alipiga magoti mbele ya lile jiwe, akaliwekea mikono miwili. Alikuwa amebakiwa na mabinti wawili: Lovina wa miaka kumi na miwili, na Permelia wa miaka saba, ambaye wote walimwita Meli. Mahala akaapa pale. Akasema wa tatu simwachi. Nikimwacha wa tatu barabarani, basi na mimi niachwe naye. Kiapo cha mama hicho, kilichotoka tumboni, na ndicho kilichomponza.

Waliondoka mwezi wa tano mwaka 1852, magari kumi na manne ya maksai yenye paa la turubai, chini ya mtu mmoja mnene aliyeitwa Harlan Gault, wakamchagua kuwa kapteni kwa sababu alikuwa na sauti na nyumbu mzuri. Walipokwisha kuvuka Mto Missouri wakaandika karatasi ya sheria, wanaume wote wakatia sahihi. Sheria ya kwanza ilihusu zamu. Gari linalokwenda mbele halili vumbi, la mwisho hula vumbi la wote, kwa hiyo kila siku la mbele linarudi nyuma na la pili linashika mbele. Kila gari lilipata siku yake moja ya hewa safi katika siku kumi na nne, na watu waliingoja siku hiyo kama watoto wanavyongoja Krismasi.

Sheria ya pili ilihusu kipindupindu. Mtu akishikwa, msafara hausimami. Anashushwa kando ya njia, anaachiwa watu wa kumngoja. Akifa wanamzika kisha wanakimbia kuwafikia wenzao.

Mama yake Lemuel alikuwa nao. Dorcas Pruitt, mwanamke wa miaka sitini na sita, magoti yamevimba kama mabuyu, ulimi hauna hata uvimbe. Yeye alipanda garini mchana kutwa, juu ya magodoro, na gunia la matufaa makavu kama mto wa kichwa. Matufaa yale aliyakata mwenyewe Missouri, akayakausha juu ya paa, akalishona gunia kwa uzi mweusi. Yalikuwa ya kuoka mkate mtamu siku ya sikukuu ya taifa, tarehe nne ya mwezi wa saba, watakapofika kwenye ule mwamba mkubwa ambao kila msafara huandika majina yake.

"Atakayegusa uzi huu," aliwaambia wajukuu wake, "nitamchuna ngozi nimtengenezee mjeledi baba yake."

"Ngozi ya Meli haitoshi mjeledi, Bibi," Lovina akasema.

"Nitaunga na yako."

Meli alicheka mpaka pumzi ikamkwama. Alimpenda sana bibi yake, na bibi alimpenda yeye kuliko wote, ingawa neno hilo halikuwahi kutoka mdomoni mwake.

Wiki ya tatu, kando ya Mto Platte, maji mapana ya rangi ya chai ya maziwa, waliwakuta watu wa kungoja. Walikuwa vijana wawili wa msafara uliotangulia. Mmoja alikuwa anachimba, mwingine amekalia tandiko la farasi anavuta kiko. Katikati yao alilala mwanamume amefunikwa blanketi mpaka shingoni, macho wazi, anatazama sepetu inavyopanda na kushuka.

Mahala akachota maji akamkimbilia.

"Usijisumbue, mama," yule wa kiko akasema. "Kila ukimpa maji unatuchelewesha."

"Anakusikia!"

"Anajua. Katuonyesha mwenyewe pa kuchimba, hakutaka penye mawe. Sivyo, Enos?" Akamtupia jicho mtu wa kwenye blanketi. "Jana alituambia atakwisha adhuhuri. Leo tena adhuhuri. Jamaa hana haraka."

Yule mchimbaji akacheka, si kwa ubaya, kwa uchovu tu. Mahala akamnywesha yule mtu kidogo, maji yakamtoka pembeni mwa mdomo. Gari lao lilikuwa limeshapita. Ilibidi akimbie kulifikia.

Alipolifikia akashika mwendo kando ya mumewe, akauliza, "Ingekuwa mmoja wetu, Bwana Pruitt?"

"Nimetia sahihi, Mahala. Theluji ya milimani haimngoji mtu."

"Hata angekuwa Meli?"

Lemuel akamchapa maksai ambaye hakuwa na kosa. Kisha akajibu.

"Tungemwachia watu wazuri."

Mama zangu mnaosoma haya, neno kama hilo likishaingia sikioni halitoki. Mahala alitembea nalo siku tisa. Alipookota mavi makavu ya nyati ya kuwashia moto, aliokota nalo. Watu wazuri. Wenye kiko.

Siku ya kumi, alfajiri, Meli aliamka ameshika tumbo.

Kwenye uwanda ule hakuna mti wala kichaka. Mwanamke akibanwa haja, wenzake humzunguka wakipanua sketi zao wakawa ukuta. Asubuhi hiyo Mahala hakumwita mtu. Alimpeleka Meli mbali nyuma ya gari, akapanua sketi yake peke yake, upepo ukawa unamzungusha kama kitambaa kambani. Mtoto akahara mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Alikuwa anajikunja, analia bila sauti, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Tumbo linavutwa, mama. Linavutwa."

Mahala akamshika kiunoni asianguke. Akageuka, akamwona Lovina amesimama hapo, uso mweupe kama unga.

"Mama," Lovina akasema, "labda ame..."

"Nyamaza!"

"Lakini mama, jana sisi..."

"Nimesema nyamaza!" Mahala akamshika mabega, akamtikisa. "Usiseme neno kwa mtu. Kwa mtu yeyote. Hata bibi yako, hata baba yako. Unataka wamchukue mdogo wako wamtupe njiani? Unataka?"

Lovina akatikisa kichwa. Mdomo wake ulikuwa bado wazi, kisha akaufunga.

Kila gari lilikuwa na chupa ya maji ya kasumba, yaani afyuni iliyoyeyushwa. Ilikuwa dawa ya jino, ya kikohozi, ya tumbo la kuhara, ya mama mwenye uchungu na ya mtoto asiyelala. Mahala alikuwa na yake kwenye mfuko wa aproni. Akamhesabia Meli matone kumi kwenye kijiko cha maji ya sukari, akamfuta jasho, akambeba mpaka garini.

"Amechoka miguu, Mama Pruitt," akamwambia mkwewe. "Leo apande na wewe."

"Miguu ya siku hizi! Mimi nilitembea kutoka Kentucky mpaka Indiana nikiwa na huyo Lemuel tumboni, na alikuwa mzito kuliko alivyo sasa." Dorcas akasogea. "Mlaze hapo. Asinikanyage magoti."

Maksai wakafungwa, mjeledi ukalia, magari yakaanza. Gari la Pruitt siku hiyo lilikuwa la pili. Kesho ndiyo ilikuwa zamu yao ya mbele, na Lemuel alipiga mluzi asubuhi nzima akiwaza hewa atakayovuta.

Mahala alitembea karibu na gurudumu, sikio lake likiwa ndani ya turubai. Mwanzoni alisikia Meli akiugua kidogo kidogo, na kila mlio ulimchoma. Baadaye akasikia Dorcas akinong'ona kitu, kisha kimya. Mahala akashukuru. Dawa inafanya kazi, akasema moyoni.

Waliposimama adhuhuri kupumzisha maksai, alipanda garini Dorcas aliposhushwa kwenda kujinyoosha. Meli alikuwa amelala, kope nusu wazi. Aligeuza kichwa na kutoa sauti ndogo kama ya paka. Mahala akasikia nyumbu wa kapteni anakuja akikagua gari baada ya gari. Akamfungua mtoto mdomo haraka, akatia matone kumi mengine, ya kumshikilia mpaka jioni.

"Wagonjwa, Dada Pruitt?" kapteni akauliza. Waliitana dada na kaka, kama watu wa kanisa moja.

"Hatuna, Kapteni."

Akainua turubai kwa fimbo. "Na huyu?"

Dorcas ndiye aliyejibu, kutoka chini, akiwa ameegemea gurudumu. "Huyo? Mvivu kama baba yake. Mpe godoro umwone akili yake ilipo."

Kapteni akacheka tumbo lake lote. "Mtoto mzuri. Watoto wa Boggs, gari la nyuma yenu, wanapiga kelele tangu alfajiri, natamani niwapakie kwenye pipa." Akaenda zake.

Mahala alimwangalia mkwewe kwa shukrani, maana aliamini kikongwe amesema vile kwa kutojua. Dorcas naye akamwangalia Mahala kwa dharau kidogo, maana aliamini mama mtu hajui. Hawakuambiana kitu. Waliishi chini ya turubai moja, upana wa gari hatua tatu, na hawakuambiana kitu.

Mchana ule kulikuwa na joto la kuunguza. Ndoo ya maziwa iliyoning'inizwa chini ya gari ilikuwa inapiga pwa, pwa, pwa, maziwa yakigeuka siagi kwa mtikisiko wa njia kama kila siku. Mahala alisikiliza juu ya ile pwa, pwa, hakusikia mtoto kuugua. Alikuwa anatabasamu. Aliokota hata ua dogo la njano akalitia mfukoni ampe Meli atakapoamka.

"Mahala."

Sauti ya Dorcas haikuwa na matusi ndani yake, na hilo peke yake lilitosha. Mahala akaparamia gari likiwa linatembea. Meli alikuwa kwenye mapaja ya bibi yake, juu ya yale magoti yasiyotaka kukanyagwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu. Dorcas alikuwa ameweka kioo kidogo mbele ya pua yake, na kioo kilikuwa kikavu.

Mahala alipiga kelele moja. Lemuel akakimbilia nyuma, akachungulia, akaona. Alishika ubao wa gari kwa mikono miwili. Nyuma yao mtu akafoka, mbona mnalegea, sukuma!

"Simamisha," Mahala akasema. "Lemuel, simamisha." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake.

"Nikisimama sasa nitavunja mstari," akasema, machozi yanamtiririka ndevuni. "Kambi iko mbele kidogo tu."

Ilikuwa mbele kwa saa mbili. Saa mbili ndoo ilipiga pwa, pwa, pwa.

Kambini habari haikufichika. Kapteni alikuja, akavua kofia, kisha akaivaa tena kwa hasira. "Uliniambia huna mgonjwa, Dada Pruitt. Machoni pangu."

Thirza Boggs, mwanamke wa gari lililowafuata, akavuta watoto wake wanne nyuma ya sketi. "Wangu wamekunywa maziwa kwenye ndoo yao! Jana! Mwanamke huyu ametuulia watoto ili wa kwake apate usafiri!"

"Sikutaka aachwe," Mahala akasema.

"Sasa ameachwa vizuri," Thirza akamjibu.

Hakuna mwanamke aliyekuja kusaidia kuosha maiti. Waliosha wawili, Mahala na Dorcas, wakamfunga kwenye kwilti, blanketi la vipande vya nguo ambalo Mahala alilishona alipokuwa na mimba yake. Lovina alikaa chini ya gari, kichwa katikati ya magoti. Mama yake alidhani ni msiba tu.

Msafara ule ulikuwa na namna yake ya kuzika, na kila msafara kwenye njia ile ulifanya hivyo hivyo. Kaburi halichimbwi kando. Linachimbwa katikati ya njia yenyewe, kwenye alama za magurudumu, kisha magari yote yanapita juu yake mpaka udongo ushindiliwe, mbwa mwitu wasinuse na mtu asijue. Halipewi jiwe wala ubao.

Jua lilipochomoza shimo lilikuwa tayari. Wakamteremsha Meli, na ua la njano likiwa mkononi mwake. Kapteni akasoma mistari mitatu ya Biblia, akaifunga juu ya kidole. Udongo ukarudishwa. Kisha akakohoa.

"Nani ana zamu ya mbele leo?"

Watu wakatazama viatu vyao. Kila mtu alijua.

"Pruitt," mtu akasema.

Kapteni hakuwa mtu mbaya. "Boggs anaweza kushika nafasi yenu, Kaka Pruitt. Leo tu. Ninyi mkae nyuma, msione."

"Mimi sina neno," Boggs akasema haraka, mdomo ukiwa umeshaanza kuonja hewa safi.

"Siku kumi na tatu nimekula vumbi la watu," Lemuel akasema. "Zamu yangu ni yangu."

"Bwana Pruitt," Mahala akasema. "Wapishe."

Akamgeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeamini kabisa anachosema. "Magurudumu ya nani yamwanze, Mahala? Ya Boggs? Ya wageni? Afadhali yetu. Sisi ni watu wake."

Maksai walipofika pale walinusa udongo mbichi wakakataa. Mmoja alirudi nyuma. Lemuel akapiga, akapiga tena, wakaenda. Gurudumu la mbele likazama kiasi cha kiganja, gari likainama upande, vyungu vikagongana ndani, Dorcas akashika gunia lake la matufaa akafumba macho. Kisha gurudumu la nyuma. Kisha Boggs. Kisha wengine wote, na mwisho ng'ombe wa akiba, kwato mia mbili. Vumbi lilipotulia Mahala hakuweza tena kusema ni hapa au ni pale. Alipiga hatua huku na huku kama mtu aliyedondosha sindano. Juu ya kilima watu watatu wa nchi ile walikuwa wamesimama na farasi wao, wanatazama wageni wakiikanyaga maiti yao, wasielewe.

Mahala akakaa chini katikati ya njia. Alikuwa ameapa, na sasa alikuwa anatimiza. Magari yaliendelea kupungua mbele yake mpaka yakawa meupe na madogo kama meno.

Lovina ndiye aliyerudi.

"Mama, baba amesema twende."

"Nenda."

"Anasema msafara mwingine uko nyuma utakuokota. Anasema ni watu wazuri."

Mahala hakusogea. Lovina naye akakaa chini, karibu sana, mabega yakigusana.

"Basi na mimi nimebaki," akasema.

Ndipo Mahala akanyanyuka. Kwa mtoto aliye hai alivunja kiapo cha mtoto aliyekufa, akamshika Lovina mkono wakakimbia kufuata vumbi.

Siku zikaenda. Watu waliwatenga, wakapika mbali nao, wakawakataza watoto wasikaribie gari lao. Kila asubuhi walingoja mtu aanguke. Hakuanguka mtu. Watoto wa Boggs waliendelea kupiga kelele na kunenepa. Baada ya wiki mbili Thirza alimletea Mahala kipande cha nyama ya nyati bila kusema samahani, akaenda.

Tarehe nne ya mwezi wa saba walifika kwenye mwamba mkubwa. Wanaume walipanda juu na rangi ya lami kuandika majina yao na kupiga bunduki hewani. Lemuel aliandika PRUITT, herufi za urefu wa mkono. Chini, Dorcas alichimbia makaa, akaweka sufuria ya chuma yenye mfuniko wa kuokea, akaanza kufumua uzi mweusi wa gunia.

Akasimama. Akalipima gunia kwa mkono.

"Limeshonwa upya," akasema. "Mshono huu si wangu." Akatia mkono ndani. "Nusu! Nusu ya gunia ni nyasi! Lovina!"

Akamdaka msichana kwa mkono, magoti yake mabovu hayakumzuia. Lovina alijivuta, akayumba, kiganja chake kikatua juu ya mfuniko wa chuma uliotoka kwenye makaa. Hakulia. Aliuficha mkono kwenye aproni, na bibi kwa hasira yake hakuona.

"Nani kala?"

"Mimi," Lovina akasema. "Mimi na Meli."

"Lini?"

"Ile siku ya kufua nguo, jana yake kabla Meli hajaugua. Tulikula makavu, mengi sana, tukaona kiu, tukanywa maji ya mtoni. Mimi nilitapika usiku. Meli hakutapika. Yalimvimbia tumboni." Akamtazama mama yake. "Nilitaka kukwambia."

Juu ya mwamba bunduki zililia na wanaume wakashangilia.

Dorcas akamwachia. Alikaa juu ya pipa la unga, polepole. "Siku kumi na nane," akasema. "Hakuna mtu mwingine aliyeugua. Nilikuwa najiuliza, kipindupindu gani hiki kinachokula mmoja." Kisha akamwangalia Mahala. "Nilimsikia anaugua asubuhi ile. Nikajua wewe ukijua utapiga kelele na yule mnene wa nyumbu atasikia. Nikampa matone ya chupa yangu. Ya magoti."

"Mangapi?" Mahala akauliza.

"Kumi na tano. Kisha baada ya adhuhuri, kumi na tano tena. Alikuwa amelala lakini nilitaka asiamke."

Mahala alitoa chupa yake kwenye mfuko wa aproni, akaiweka juu ya ubao wa gari. Dorcas akaitazama. Akaingiza mkono kifuani, akatoa ya kwake, akaiweka kando yake. Chupa mbili ndogo za rangi ya kahawia, za duka moja kule Missouri, zimesimama bega kwa bega, na ungeweza kuona kila moja ilivyopungua.

Mkate wa matufaa uliokwa hivyo hivyo, kwa sababu unga ulikuwa umeshakandwa na mikono haikujua kufanya kingine. Lemuel alishuka mwambani ananuka lami na furaha. Akala kipande amesimama, akaomba cha pili.

"Mbona mnalia? Leo sikukuu!" Akapangusa ndevu. "Mama, huu umezidi ule wa Indiana. Meli angeupenda."

Wanawake watatu, mkubwa, wa kati na mdogo, wakatazamana. Na hilo nalo wakalifungia ndani. Hawakumwambia, si siku ile, si Oregon, si siku alipoona moshi wa jirani huko nako na kuanza kunung'unika.

Asubuhi iliyofuata kapteni alipita na nyumbu wake.

"Wagonjwa, Dada Pruitt?"

Kabla Mahala hajafungua mdomo, Lovina akajibu, mkono wa kulia umezama kwenye aproni yake.

"Hatuna, Kapteni."

Mahala aliuona mkono ule siku ya nne baada ya sikukuu, harufu ilipomwamsha. Alikifungua kitambaa kilichoufunga, ngozi ikaja nacho. Vidole viwili vilikuwa vimeshageuka rangi.

"Lovina! Kwa nini hukuniambia?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua.

"Ulisema nisiseme neno kwa mtu, mama. Kwa mtu yeyote."